Wasifu wa Mchungaji na Ukurasa Usiosomwa

Nimekuwa katibu wa baraza la wazee kwa miaka mingi kuliko nilivyotarajia, na kwa sababu hiyo nimeandika wasifu wa wachungaji mara tatu, mara mbili katika kustaafu na mara moja katika maziko. Kazi hii hupewa mtu ambaye mwandiko wake unasomeka na ambaye hajui kukataa. Huku kwetu Chimala makanisa mengi yako karibu na barabara kuu iendayo Tunduma, kwa hiyo msomaji hujifunza kunyamaza lori linapopita na kuendelea likishapita. Wasifu husomwa hivyohivyo, kwa sauti ya juu, karatasi moja na nusu, na watu husikiliza kwa utulivu ambao mhubiri huupata mara chache.

Nataka kuuchambua wasifu huo hapa kama watu wanavyochambua kitabu. Najua wengine wataona si adabu, maana ni maandishi ya msibani na ya kuagana. Lakini una mpangilio wake, una maneno yake ya kurudiarudia, una mambo unayoyataja na unayoyaruka, na umesikilizwa na Wakristo wengi kuliko kitabu chochote cha thiolojia kilichowahi kufika hapa bondeni. Tena mimi ni mmoja wa waandishi wake. Nikiukosoa, najikosoa.

Mpangilio mnaujua. Kuzaliwa, majina ya wazazi, shule ya msingi. Kuitwa na Mungu, mstari mmoja. Chuo cha Biblia, cheti, diploma, kubarikiwa. Baada ya hapo vinakuja vituo alivyohudumu, na hapo ndipo wasifu unaponoga. Kituo cha kwanza alikuta kanisa la nyasi akaacha la tofali. Kituo cha pili aliezeka nyumba ya mchungaji. Cha tatu alinunua kiwanja, akachimba kisima, akaanzisha kwaya ya vijana, akafungua mitaa mipya. Kisha idadi ya waliobatizwa, waliopata kipaimara, ndoa alizofungisha. Kisha ndoa yake mwenyewe, watoto, wajukuu. Kama ni msiba, unafuata ugonjwa, hospitali alizotibiwa, saa ya kufariki, na shukrani kwa madaktari na wauguzi.

Nimezipitia upya nakala nilizobaki nazo. Katika wasifu wa kwanza niliouandika, neno mabati limetokea mara tano. Neno sala limo mara moja tu, katika maneno "nyumba ya sala", ambayo ndiyo iliyoezekwa kwa hayo mabati.

Sisemi mabati ni jambo dogo. Aliyewahi kuendesha ibada chini ya paa la nyasi mvua ya Machi ikinyesha Usangu hawezi kusema hivyo. Kujenga ni huduma, na wachungaji wetu wengi wamejenga kwa mikono yao wenyewe, wakikanyaga udongo pamoja na akina mama. Kinachonisumbua ni kwamba msikilizaji anatoka pale akijua kila kitu ambacho mtu huyu alikijenga, na hajui lolote kuhusu kilichokuwa kinamjenga yeye, wala kilichokuwa kinambomoa.

Halafu kuna maneno ya sifa. Haya ndiyo nimeyatafakari zaidi, kwa sababu ni mafupi na hatuyachunguzi. Alikuwa mchapakazi. Mlango wake ulikuwa wazi saa zote. Hakuwahi kulalamika. Hakujua kupumzika. Yote manne nimeyaandika, na moja niliandika kwa mtu yuleyule ambaye daktari alikuwa amemwambia presha yake ilipanda kwa sababu halali. Niliandika hakujua kupumzika kama sifa. Ukiambiwa kwamba ng'ombe wako wa kulima hajui kupumzika, utamwita bwana mifugo. Ukiambiwa hivyo kuhusu mchungaji, unasema amina.

Na "hakuwahi kulalamika" ni nini? Ama mtu huyo hakuwa na jambo la kulalamikia, ambalo si kweli kwa mtu yeyote aliyefanya kazi na kamati ya ujenzi, ama hakuwa na mtu wa kumlalamikia. Zaburi zimejaa malalamiko. Daudi, aliyekuwa mchunga kondoo kweli, alimlalamikia Mungu asubuhi na jioni, na sisi tunaziimba zaburi hizo ibadani. Kama mchungaji wetu hakuwahi kulalamika, hata kwa Mungu, basi hakuomba kama Biblia inavyoomba. Ila nadhani alilalamika. Sisi ndio hatukuwepo, au tulikuwepo kwa namna iliyomfanya anyamaze.

Wasifu husomwa siku moja, lakini wachungaji walio hai wanausikia pia. Katika maziko ya mchungaji wenzake hukaa mbele, wamevaa kanzu, mistari miwili mitatu. Kila mmoja anasikia kitakachosomwa siku yake. Ukitaka kujua kwa nini mchungaji kijana anakuja kituo kipya na mwezi wa pili tu ameshaanza kuzungumzia jengo, usitafute mbali. Amesikia karatasi zetu. Anajua siku ya mwisho hatutamuuliza kama moyo wake ulibaki hai.

Tuangalie juma lake hapa Chimala. Jumapili ibada mbili mjini na moja mtaani, huko kwenye mashamba ya mpunga, kwa bodaboda wakati wa kiangazi na kwa miguu matope yakizidi. Jumatatu, ambayo tunamwambia ni siku yake ya kupumzika, kuna msiba. Jumanne kamati ya fedha. Katikati ya juma anaitwa hospitali ya misheni, kwa sababu hapo wanaletwa wagonjwa kutoka bonde zima la Usangu na wengine wanateremshwa kutoka Matamba kwa ile barabara ya kona hamsini na saba, na ndugu zao wakifika hapa hawamjui mtu ila wanajua kutafuta mchungaji. Ijumaa mkesha. Jumamosi harusi, au msiba mwingine. Ndani ya juma hilohilo ana shamba lake, kwa kuwa posho tunayompa sisi wenyewe tunajua haifiki tarehe ishirini. Wakati wa kupandikiza mpunga yuko majini kama sisi, mgongo umeinama, na Jumapili tunategemea neno jipya kutoka kwake.

Katika juma hilo ameomba mara nyingi sana. Ameomba kitandani kwa mgonjwa, kaburini, kabla ya kikao na baada ya kikao, kabla ya chakula cha harusi. Swali ni kama ameomba mara moja pasipo mtu wa kusema amina.

Mchungaji mmoja niliyemwandikia wasifu wa kustaafu aliniambia hivyo mwenyewe. Sitataja ushirika. Sherehe ilikuwa imekwisha, amekabidhiwa ng'ombe na magunia ya mpunga, watu wameondoka, tumekaa chini ya mwembe tukisubiri gari la kubeba vitu. Nikamwambia, "Baba Mchungaji, nadhani wasifu ulikwenda vizuri." Akacheka kidogo. Akasema, "Mzee, ulikwenda vizuri. Nilikuwa nausikiliza nikijiuliza mtu huyo ni nani, nikakutane naye." Kisha akanieleza kwamba katika kituo kile kilichosifiwa kuliko vyote, kile cha kisima na mitaa mipya, alikaa karibu miaka minne bila kufungua Biblia isipokuwa kutafuta mahubiri, na bila kuomba isipokuwa mbele za watu. Alikuwa anajua. Alikuwa akihubiri juu ya chemchemi ya maji ya uzima huku, kwa maneno yake, ndoo yake inagonga mawe. Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akaniuliza, "Ningemwambia nani? Wewe ulikuwa katibu wa baraza."

Jibu hilo nimelibeba muda mrefu. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Sasa turudi kwenye uchambuzi. Je, Biblia ina wasifu wa mchungaji? Unao, na mwandishi wake ni mchungaji mwenyewe. Katika Matendo sura ya 20 Paulo yuko Mileto, amewaita wazee wa kanisa la Efeso, anawaaga, na anajua hawatamwona tena. Hiyo ni hotuba ya kuagana kama zetu. Tazama anachokitaja: machozi, majaribu, unyenyekevu, usiku na mchana kwa miaka mitatu, mikono yake iliyofanya kazi. Jengo halimo. Idadi haimo. Na anapowapa agizo, anaanza na wao wenyewe kabla ya kundi: wajiangalie nafsi zao, kisha ndipo walilinde kundi. Mpangilio huo si wa bahati. Mtu anayelala njaa hawezi kujua kama malisho yana uchungu.

Tena ona aliowaambia. Ni wazee, wengi, wa mji mmoja. Jirani zetu wa Kanisa la Kristo, ambao misheni yao iko hapahapa Chimala, hufundisha kwamba katika Agano Jipya wachungaji ndio hao wazee wa kusanyiko, zaidi ya mmoja, na mhubiri ni mhubiri. Hatukubaliani nao katika mambo mengi na sitaanzisha mjadala wa vyeo hapa. Ila kwa sura hii wanatukumbusha jambo tulilolisahau, kwamba aliyeambiwa ajiangalie hakuambiwa akiwa peke yake. Na sisi wa baraza tuliodhani sura ile inamhusu mchungaji tu, imetutaja kwa jina la kazi yetu.

Wasifu mwingine wa Paulo uko mwishoni mwa barua ya pili kwa Timotheo. Kamati yangu ingeufuta nusu. Anasema Dema amemwacha. Anasema Luka peke yake ndiye aliye naye. Anaomba aletewe joho aliloliacha Troa kwa Karpo, na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtume anakaribia kufa na anasikia baridi na anataka kusoma! Na katika barua ya pili kwa Wakorintho anawaambia washirika waziwazi kwamba kule Asia mzigo ulimzidi mpaka akakata tamaa ya kuishi. Aliwaandikia kanisa zima hayo, kanisa lenye watu wa kumdharau. Sisi tungemshauri akae kimya asije akawavunja moyo waumini.

Sisi Wamoravian tulikuwa na wasifu wa namna hiyo, na hili ndilo linaloniuma zaidi kama mwandishi wa karatasi za mabati. Wamisionari wetu waliofika Rungwe mwaka 1891 walitoka katika kanisa lenye desturi isiyo ya kawaida. Tangu katikati ya karne ya 18, kule Herrnhut nchini Ujerumani na kila walikokwenda ndugu hao, mshirika alitakiwa aandike wasifu wake mwenyewe angali hai, aeleze safari ya roho yake: alivyomkimbia Mungu, alivyopatikana, alikokauka, alikoanguka, alivyoinuliwa. Alipofariki, wasifu huo ndio uliosomwa katika maziko. Ulihusu kila mtu, mume na mke, fundi viatu na askofu. Hata Waafrika waliouzwa utumwani Marekani wakaingia katika makusanyiko hayo wanao, kama Andrew, mtu wa kabila la Waigbo, aliyefariki Bethlehem, Pennsylvania, mwaka 1779. Maelfu ya wasifu hizo zimehifadhiwa Herrnhut mpaka leo.

Kuna jambo katika umbo la maandishi hayo ambalo mimi kama mwandishi nalipenda sana. Mwenyewe anaandika, anaandika, halafu mahali fulani mkono unabadilika. Mtu mwingine, labda mchungaji, labda mwana, anachukua kalamu na kueleza siku za mwisho, kwa sababu hakuna awezaye kuandika kifo chake. Kwa hiyo kanisa linamalizia tu. Halianzi. Kwetu imekuwa kinyume: kanisa, yaani mimi, linaanza na linamaliza, na mwenyewe hana mstari hata mmoja.

Desturi hiyo haikusimama peke yake. Kabla ya Meza ya Bwana kila mshirika aliketi na mlezi wake wa kiroho, wazungumze hali ya nafsi yake. Mchungaji naye alikuwa na wa kumsikiliza. Na kulikuwa na neno la siku, lililoanza mwaka 1728 kwa kupelekwa nyumba kwa nyumba na likachapwa kitabu kuanzia 1731, na ambalo tunalo mpaka leo. Kati ya vitu hivyo vitatu tumebaki nacho kimoja, kile ambacho mtu anaweza kukifanya bila kumtazama mwenzake usoni.

Lakini nisiupambe wasifu wa Herrnhut kupita kiasi. Ukiusikia mmoja unaguswa. Ukiusikia wa kumi unaanza kutabiri: hapa atajiona mwenye dhambi kuliko wote, hapa atatazama majeraha ya Mwokozi, hapa atapata amani. Maneno ya moyo nayo huzeeka yakawa fomu ya kujaza. Ugonjwa huohuo uliupata Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao baba zetu waliukumbatia kutoka Bukoba hadi Dodoma. Ulianza na watu waliovunjika kweli. Baada ya muda ushuhuda ukawa na mwendo wake, na aliyeshuhudia kwa mwendo mwingine akatiliwa shaka. Mahali pengine wachungaji waliogopa vikundi vya ushirika kuliko walivyoogopa maaskofu, kwa sababu vilidai toba hadharani na havikusahau kilichotubiwa. Kuungama mbele ya watu wasio na huruma hakumponyi mchungaji.

Hata hivyo, chimbuko la Uamsho ule linahusu jambo letu moja kwa moja, na vijana wetu hawalijui. Blasio Kigozi alikuwa shemasi wa Kianglikana kutoka Uganda, akifundisha wainjilisti Gahini, Rwanda. Kazi ilikuwa inaendelea kwa nje. Mwaka 1935 aliona kwamba huduma yake haina nguvu. Aliacha shughuli, akajifungia kwa juma zima akiomba. Aliyetoka mle ndani hakuwa na mradi mpya, alikuwa mtu mwingine. Alikufa Januari 1936, angali kijana, kabla ya sinodi ya Uganda aliyokuwa amekusudia kuipelekea maswali juu ya ubaridi wa kanisa. Huduma yake baada ya lile juma ilikuwa ya miezi tu. Ukiandika wasifu wake kwa mtindo wetu utapata nusu karatasi na utashindwa kueleza kwa nini watu wa nchi nne walimkumbuka. Na fikiria mchungaji wetu angetuomba juma moja la kujifungia, mwezi wa mavuno, sadaka za mpunga zinapoingia. Najua swali la kwanza ambalo baraza lingeuliza. Ningeliandika mimi kwenye muhtasari.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi ni mfano mwingine, na huu uko kitabuni. Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa Februari 1977 chini ya Idi Amin, Kivengere na mkewe Mera walikimbia kwa miguu usiku wakavuka milima kuingia Rwanda. Angeweza kubaki na wasifu wa shujaa aliyeteswa, na dunia ingempigia makofi. Yeye akaandika kwamba uhamishoni aligundua moyo wake unaliwa na uchungu juu ya Amin, na kwamba Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo, akiwa ibadani London, msalaba ulimshtaki yeye, akalazimika kuomba neema ya kusamehe. Kitabu alikiita I Love Idi Amin. Wapo wasiolipenda jina hilo mpaka leo, na wana haki, maana walizika watu wao. Mimi nakitazama kwa upande mmoja tu: askofu anasema mbele ya watu kwamba alikuwa anaumwa rohoni wakati ule ule tulipokuwa tunamhesabu mzima.

Narudi hapa nyumbani. Mchungaji yule wa chini ya mwembe alifariki miaka michache baada ya kustaafu. Mama Mchungaji alinikabidhi daftari, lile la shule la kurasa 96, akasema mumewe aliliandika baada ya kustaafu na alitaka lisomwe. Kurasa zilizojaa hazifiki ishirini. Habari za mwembe zimo, kwa urefu zaidi. Imo miaka minne ya ukavu. Limo jina la mtu aliyemwonea wivu, mchungaji mwenzake. Imo asubuhi moja alipokuwa analinda ndege shambani, mpunga umeanza kukomaa, hakuna mtu, akajikuta anaomba kwa sauti kwa Kisafwa, lugha ya mama yake, ambayo hakuwahi kuitumia madhabahuni. Kuanzia hapo, anaandika, aliomba kwa Kiswahili kwa ajili yetu na kwa Kisafwa kwa ajili yake.

Kamati ya mazishi ilikaa. Hoja zilikuwa nzito na sitaki kuzidharau. Marehemu hasemwi vibaya. Watoto wake wako hapa. Watu wa madhehebu mengine watakuja, watapata la kusema. Mwenye wivu aliyetajwa, yaani aliyeonewa wivu, angekuwa ameketi mstari wa mbele. Mzee mmoja, ambaye ni mwema kuliko mimi, aliuliza kama ni haki kumwekea mjane mzigo huo siku ya kumzika mumewe. Nami sikuwakumbusha kwamba mjane ndiye aliyelileta daftari. Tukaamua nitumie wasifu ule wa kustaafu, niongeze ugonjwa na saa ya kufariki. Ikawa karatasi moja na nusu. Lori moja lilipita katikati ya kisima.

Kama mhakiki nasema hoja zile zilikuwa na kosa moja. Tulidhani swali ni kusema mazuri au mabaya. Daftari halikuwa limeandika mabaya. Liliandika habari ya mtu aliyepotea akatafutwa, na sisi ndio kanisa linalohubiri habari hiyo kila Jumapili juu ya watu wengine. Jina la mtu lingeweza kurukwa, hiyo ni busara ya kawaida. Ulezi wa watoto ungeweza kuangaliwa. Lakini ile asubuhi ya ndege na Kisafwa tungeisoma. Vijana wawili waliokuwa chuo cha Biblia wakati ule walikuwepo msibani, wamevaa suti zao. Walisikia mabati.

Sina mpango wa kulibadili kanisa zima kwa insha. Katika baraza letu nimefanikiwa mambo mawili, na la pili kwa shida. La kwanza, Jumatatu ya mchungaji imewekwa kwenye kumbukumbu kama kikao, ili mtu akiuliza tumwambie mchungaji ana kikao. Msiba ukitokea, mzee wa zamu anakwenda kuanza, mchungaji anafika Jumanne. Watu walinung'unika, wakazoea. Elia alipokuwa chini ya mretemu akiomba kufa, malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha, akampa tena. Hakumletea ajenda. La pili, mchungaji wetu ana mchungaji mwingine, wa nje ya wilaya yetu, anayemwendea kila baada ya miezi miwili kuzungumza nafsi yake, na nauli inatoka kwetu. Mweka hazina alitaka taarifa ya safari. Tulibishana vikao vitatu. Sasa kwenye kitabu cha hesabu imeandikwa "nauli ya mchungaji" na hakuna taarifa inayoambatanishwa.

Kuhusu wasifu, mwaka huu nimeombwa kuandika wa nne, wa mchungaji anayestaafu mwezi wa Desemba. Nilimpelekea daftari tupu badala ya maswali yangu ya kawaida. Nikamwambia, "Baba Mchungaji, andika wewe. Mimi nitamalizia." Alilipokea, akaligeuza, akauliza kama anatakiwa aandike miaka ya ujenzi wa kanisa la mtaani. Nikamwambia akitaka. Imepita wiki ya sita na hajalirudisha. Mama Mchungaji aliniambia juzi sokoni kwamba analiandika usiku, na kwamba ameshafuta ukurasa wa kwanza mara mbili.